Kihariri Kinaponyamaza: Kutafuta Chanzo cha Kukosekana kwa Madokezo ya Msimbo

Utangulizi

Utafiti wa lugha umebadilika, na mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kubadilika pamoja nao. Kazi ambazo zamani zilifanywa kwa kalamu na kadi, mathalani kuhesabu marudio ya neno katika riwaya nzima, kuorodhesha vitenzi vilivyo katika kauli ya kutendea, au kulinganisha msamiati wa magazeti ya miongo miwili tofauti, sasa hufanywa na tarakilishi kwa muda mfupi mno. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kuunda mfumo wa kuchanganua maneno ya Kiswahili kwa tarakilishi. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Hapa Kenya, mradi wa Kencorpus uliwaleta pamoja watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene ili kukusanya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya.

Mwanafunzi anayeishi Kaloleni, Jericho, Buruburu, Umoja, Kayole au Dandora ana bahati ya pekee katika uwanja huu. Mitaa ya Eastlands ndiyo iliyoilea Sheng, na data ambayo mtafiti wa ng'ambo hulazimika kuisafiria, yeye huisikia akiwa kwenye matatu ya Barabara ya Jogoo. Anachohitaji ni zana ya kuichakata data hiyo. Ndiyo maana wanafunzi kadhaa wa isimu wameanza kujifunza lugha ya programu iitwayo Python, na wengi wao huiandika katika kihariri cha Visual Studio Code, ambacho hutolewa bila malipo.

Hapo ndipo tatizo linalotushughulisha huzuka. Mwalimu darasani au mwelekezi katika video huandika herufi mbili tatu, na papo hapo orodha ya madokezo hujitokeza chini ya kishale. Mwanafunzi akijaribu vivyo hivyo nyumbani, haoni kitu. Wapo wanaolifasiri kimya hicho kuwa ushahidi kwamba mambo haya ni ya watu wa sayansi, wakairudia kalamu. Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba kimya cha kihariri kina sababu zinazojulikana, kwamba sababu hizo ni chache, na kwamba mtu aliyefunzwa sarufi ana uwezo mkubwa wa kuzitambua.

Kihariri hudokezaje?

Ni vigumu kutibu ugonjwa bila kujua jinsi mwili unavyofanya kazi. Madokezo ya msimbo si jambo jipya: Microsoft iliyaingiza katika zana zake za Visual Basic mwaka 1996 kwa jina la IntelliSense. Katika vihariri vya leo, madokezo hutoka katika vyanzo vitatu, na ni muhimu kuvitenganisha.

Chanzo cha kwanza ni kumbukumbu ya maneno. Kihariri hukusanya maneno yaliyokwisha kuandikwa katika faili na kuyarudisha mwandishi anapoanza neno linalofanana nayo. Hiki ni kipaji cha kasuku: hurudia bila kuelewa. Katika Visual Studio Code, madokezo ya aina hii huandamana na alama ndogo ya herufi abc.

Chanzo cha pili ni uchanganuzi wa lugha yenyewe. Kihariri hakijui Python, Java wala lugha nyingine kwa undani. Hutegemea programu ya pembeni iitwayo seva ya lugha, ambayo kazi yake ni kusoma msimbo, kuuchanganua na kukijibu kihariri kinapouliza: "Hapa panafaa nini?" Utaratibu wa mawasiliano baina ya kihariri na seva ya namna hii ulitangazwa na Microsoft mwaka 2016, na umeigwa na vihariri vingi. Kwa Python, seva inayotumika sana katika Visual Studio Code ni Pylance, iliyotolewa mwaka 2020.

Chanzo cha tatu ni akili unde, mfano wake ukiwa GitHub Copilot, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022. Hii haitoi orodha tu. Hutangulia kuandika mstari mzima kwa maandishi yaliyofifia, na mwandishi huukubali au huukataa.

Tofauti hizi zina maana kubwa kwa mkaazi wa Eastlands anayenunua intaneti kwa vifurushi. Chanzo cha tatu huhitaji mtandao kila wakati, hivyo kifurushi kikiisha nacho hunyamaza. Vyanzo viwili vya kwanza, vikishasakinishwa, hufanya kazi ndani ya tarakilishi yenyewe bila mtandao wowote. Basi anayelalamika kwamba madokezo yamepotea ajiulize kwanza: ni yapi?

Ngeli na madokezo

Msomaji wa jarida hili ataielewa seva ya lugha kwa wepesi akiitazama kupitia upatanisho wa kisarufi. Tuchukue kivumishi -zuri. Kikiandikwa peke yake, hakuna awezaye kukikamilisha. Je, ni mzuri, kizuri, vizuri au nzuri? Lakini nomino ikitajwa, jibu huja lenyewe: kitabu hudai kizuri, kwa kuwa kiko katika ngeli ya KI-VI. Msikilizaji hukisia kiambishi kwa sababu anaijua ngeli.

Seva ya lugha hufanya kazi iyo hiyo. Katika Python kila thamani ina aina yake: namba, mfuatano wa herufi, orodha na kadhalika. Aina hiyo ndiyo ngeli ya thamani. Mwandishi akiandika:

sentensi = "Mtoto anacheza"
sentensi.

seva hutambua kwamba "sentensi" ni mfuatano wa herufi, na baada ya nukta hudokeza amri zinazopatana na aina hiyo: split ya kukata sentensi kuwa maneno, lower ya kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, count ya kuhesabu, replace ya kubadilisha. Isipoijua aina, hunyamaza, kama vile mwanafunzi makini anavyokataa kukamilisha -zuri kabla ya kuambiwa nomino. Hoja hii itatufaa tutakapofikia makosa yaliyo katika msimbo wenyewe.

Jaribio la kwanza: tatizo liko wapi?

Mganga hatoi dawa kabla ya kupiga ramli, na mtafiti hatoi hitimisho kabla ya kupima. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, fungua faili mpya ndani ya folda tupu, ihifadhi kwa jina jaribio.py, kisha uandike mistari hii miwili:

import math
math.

Ukiandika nukta ya mwisho, orodha inapaswa kutokea ikiwa na sqrt, pi, floor na wenzake. Matokeo ni matatu. Kwanza, orodha ikitokea, kihariri ni kizima na tatizo limo katika kazi yako. Pili, isipotokea, bonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha nafasi. Ikija sasa, seva ni hai ila madokezo ya papo hapo yamezimwa. Tatu, isipotokea kabisa, au ikitokea orodha yenye alama za abc peke yake, basi ni kasuku anayezungumza. Seva ya lugha haifanyi kazi.

Jaribio hili halichukui dakika moja, nalo humwokolea mtu jioni nzima. Tuyaangalie sasa matokeo hayo moja moja, tukianza na la mwisho.

Seva isipofanya kazi

Sababu ya kwanza ni utambulisho wa faili. Kihariri huijua lugha ya faili kwa kutazama kiishio cha jina lake. Faili isiyo na .py mwishoni huchukuliwa kuwa matini ya kawaida, nayo matini ya kawaida haina seva. Mtego mkubwa uko katika Windows, ambayo kwa kawaida huficha viishio, hivyo kwamba faili inayoonekana kuwa kazi.py huenda kwa hakika ikawa kazi.py.txt. Dawa ni kutazama pembe ya chini kulia ya kihariri, ambapo jina la lugha huandikwa. Pasipokuwa na neno Python, libofye jina lililopo uchague Python, kisha urekebishe jina la faili ili kosa lisirudi.

Sababu ya pili ni programu-jalizi. Visual Studio Code huja ikiwa na uwezo wa kudokeza JavaScript, HTML na CSS, lakini Python huhitaji programu-jalizi inayosakinishwa kando. Asiyejua hili huona madokezo katika ukurasa wa wavuti anaoutengeneza, akayakosa katika Python, akadhani tarakilishi ina kasoro. Fungua orodha ya programu-jalizi uhakikishe kwamba ile ya Python na Pylance zote zimo na hazijazimwa.

Hapa hali ya mitaa yetu huingilia. Baadhi ya saiba huweka programu inayofuta kila badiliko tarakilishi inapozimwa, hivyo kilichosakinishwa Jumatatu hakipo Jumanne. Anayetegemea saiba hana budi kukagua upya kila anapoketi. Mwenye tarakilishi nyumbani lakini asiye na mtandao ana njia nyingine: kuipakua programu-jalizi kama faili yenye kiishio .vsix mahali penye mtandao, kuibeba katika diski mweko, na kuisakinisha nyumbani kutoka kwenye faili. Akumbuke kuzibeba zote mbili, ya Python na Pylance, na kuchagua toleo linaloafikiana na mfumo wa tarakilishi yake.

Sababu ya tatu ni hali ya tahadhari. Tangu mwaka 2021, Visual Studio Code huuliza ikiwa mtumiaji anaiamini folda anayoifungua. Anayebofya kwamba haiamini, mara nyingi bila kusoma, huifungua folda katika hali yenye vizuizi, ambamo baadhi ya programu-jalizi huzimwa au hupunguziwa kazi. Ishara ya hali hiyo huonekana juu au chini ya dirisha. Kama folda ni yako, iamini. Kama umeipata kwa mtu usiyemjua, isome kwanza.

Sababu ya nne ni uzito. Tarakilishi nyingi zinazotumiwa na wanafunzi ni za mitumba na kumbukumbu yake ni finyu. Mtu akifungua folda yake kuu yote, yenye picha, video na maelfu ya faili, seva huanza kuipekua ikitafuta msimbo, na madokezo huchelewa au hukosekana. Fungua folda ya mradi mmoja tu. Kongoo, yaani hazina ya matini unayoichunguza, iwekwe katika folda yake ya pembeni.

Haya yakishindikana, ifunge programu uifungue tena. Seva ya lugha, kama programu nyingine yoyote, huweza kuzimia, nayo huzinduka inapowashwa upya.

Madokezo yakizimwa kwa mpangilio

Mtu akitumia tarakilishi ya wengi, huenda aliyemtangulia aliyazima madokezo kwa kuwa yalimkera. Fungua mipangilio utafute quickSuggestions, ukague kwamba imewashwa. Kagua pia languageServer ya Python: ikiandikwa None, maana yake seva imefukuzwa kazi, nawe uirudishe kuwa Default.

Ifahamike kwamba pana mahali ambapo kimya ni cha makusudi. Kwa kawaida kihariri hakitoi madokezo ya papo hapo ndani ya maoni wala ndani ya alama za kunukuu, kwa kuwa humo mwandishi hutarajiwa kuandika lugha ya watu. Mwanafunzi anayeandika sentensi za Kiswahili ndani ya alama hizo asishangae kukosa madokezo.

Kosa likiwa katika msimbo

Kundi hili ndilo kubwa zaidi, na ndilo linalomhusu mwanafunzi wa Kiswahili kuliko mwingine yeyote.

Tuanze na ritifaa. Python huziruhusu alama moja za kunukuu, na kwayo 'kitabu' ni sahihi kabisa. Lakini andika 'ng'ombe' uone. Ritifaa ya ng' huchukuliwa kuwa alama ya kufungia: mfuatano huishia kwenye ng, ombe hubaki likielea, na alama ya mwisho hufungua mfuatano mpya usio na mwisho. Mstari wote huharibika, na chochote utakachoendelea kuandika hapo huhesabiwa kuwa kiko ndani ya nukuu. Maelekezo mengi ya Python yameandikwa na watu ambao lugha zao hazina ng', kwa hiyo hayatahadharishi vya kutosha kuhusu jambo hili. Dawa ni nyepesi: maneno ya Kiswahili yafungwe kwa alama mbili, yaani "ng'ombe", "ng'oa", "ng'ambo".

Ndugu wa kosa hilo ni alama zilizopinda. Matini iliyonakiliwa kutoka kwenye programu ya kuandikia barua huwa na alama za kunukuu zilizopinda, ambazo Python haizitambui kuwa alama za kufungulia wala kufungia. Zaidi ya kuua madokezo, alama hizi huathiri utafiti wenyewe. Tarakilishi huliona neno lenye ritifaa iliyonyooka na lenye iliyopinda kuwa maneno mawili tofauti, kwa hiyo hesabu ya marudio hupotoka bila onyo. Sawazisha alama zote kabla ya kuhesabu.

Mabano yasiyofungwa, na zaidi alama tatu za kunukuu zisizofungwa, huwa na athari pana. Hizo tatu hufungua matini ya mistari mingi, na zikiachwa wazi, sehemu yote ya faili iliyobaki hugeuka kuwa nukuu. Ukiona rangi ya msimbo imebadilika ghafla kuwa moja kuanzia mstari fulani hadi mwisho, tafuta alama iliyoachwa wazi juu ya mstari huo.

Kosa jingine ni majina yanayogongana. Mwanafunzi anayechunguza mifuatano ya herufi huenda akaiita faili yake string.py. Python ina moduli yake yenye jina hilo hilo. Anapoiita, tarakilishi humletea faili yake mwenyewe badala ya moduli, na madokezo aliyotarajia hayapo. Wanaotaja faili zao kwa Kiswahili, mathalani mifuatano.py au viambishi.py, huepuka ajali hii. Hali kadhalika, vigeu vyaweza kuitwa idadi_ya_maneno au orodha_ya_vitenzi, na kihariri kitayadokeza majina hayo mara tu yatakapofafanuliwa. Kuandika msimbo kwa majina ya Kiswahili kunawezekana leo hii bila idhini ya mtu yeyote, ilmuradi jina lisiwe na nafasi wala ritifaa.

Vilevile kuna suala la wakalimani wawili. Programu inayotekeleza Python huitwa mkalimani, na tarakilishi moja huweza kuwa na wakalimani kadhaa. Maktaba kama NLTK, inayotumiwa sana katika uchakataji wa lugha, ikisakinishwa kwa mkalimani mmoja ilhali kihariri kinamtazama mwingine, jina lake hupigiwa mstari wa mawimbi na madokezo yake hukosekana. Toleo la mkalimani anayetumika huonyeshwa katika ukanda wa chini unapofungua faili ya Python. Libofye uchague anayestahili. Njia ya kuepuka mkanganyiko huo ni kusakinisha kupitia mkalimani yuyo huyo, ndani ya dirisha la amri la kihariri, kwa kuandika: python -m pip install nltk.

Mwisho, turejee kwenye ngeli. Tazama mfano huu:

def hesabu(matini):
    matini.

Hapa madokezo ya maana hayatakuja, hata kama kila kitu kiko sawa. Jina "matini" halijapewa thamani, kwa hiyo aina yake haijulikani, na seva imekutana na -zuri isiyo na nomino. Tangu Python 3.5, iliyotolewa mwaka 2015, mwandishi anaweza kuitaja aina waziwazi:

def hesabu(matini: str):
    matini.

Neno str huiambia seva kwamba hapa patakuja mfuatano wa herufi. Orodha hurudi mara moja. Kutaja aina hakubadilishi jinsi programu inavyotekelezwa. Kunamsaidia anayeisoma tu, awe mtu au seva.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba madokezo hukosekana kwa sababu za makundi matatu: seva haifanyi kazi, mpangilio umeyazima, au msimbo wenyewe umeificha maana. Jaribio la mistari miwili huonyesha ni kundi lipi. Baada ya hapo, inafaa kubadilisha jambo moja kwa wakati na kupima tena, kwani anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hata akifaulu hatajua lililomponya.

Hata hivyo, lipo jambo kubwa kuliko kihariri kimoja. Madokezo ni msaada wa mwandishi, nayo programu huendelea kufanya kazi bila hayo. Aliye na tarakilishi dhaifu huko Kayole anaweza kuandika kila herufi kwa mkono na kupata matokeo yale yale. Kinachokatisha tamaa ni kimya kisicho na maelezo, na maelezo kwa Kiswahili ni haba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa, lakini mwanafunzi anayetafuta msaada kuhusu hitilafu ya tarakilishi bado hulazimika kuutafuta kwa lugha nyingine.

Pengo hilo halitazibwa na wahandisi peke yao, kwani hawakufunzwa ritifaa wala ngeli. Wanachama wa vyama vyetu vya Kiswahili wana wajibu hapa. Kila anayetatua hitilafu aandike hatua zake kwa Kiswahili fasaha na kumpa mwenzake, iwe ni katika ukumbi wa mihadhara au katika maktaba za Kaloleni na Makadara. Istilahi tulizotumia hapa, yaani madokezo, kihariri, seva ya lugha na mkalimani, zijadiliwe, zikosolewe, na zilizo bora kuliko hizi zipendekezwe. Haba na haba hujaza kibaba, na istilahi hukomaa kwa kutumiwa.